Fremuweki ya Tovuti Ndani ya Seva ya Pamoja: Uchambuzi wa Masharti ya Usimikaji

Seva ya pamoja ni kompyuta moja, iliyowekwa katika kituo cha data, ambayo kampuni ya kuhifadhi tovuti huigawa kwa wateja wengi, mara nyingi mamia, kila mmoja akiwa na akaunti yake, folda yake na hifadhidata zake, huku wote wakitumia kichakataji kilekile, kumbukumbu ileile, mfumo endeshi uleule na programu ileile inayopokea maombi ya vivinjari. Ugawaji wa namna hii ulienea baada ya toleo la 1.1 la HTTP, kanuni ya mawasiliano kati ya vivinjari na seva, lililochapishwa mwaka 1997, kukitaka kila kivinjari kitaje ndani ya ombi lenyewe jina la kikoa kinachotafutwa, jambo lililowezesha anwani moja ya intaneti kubeba majina mengi ya tovuti bila kuyachanganya. Fremuweki, kwa upande wake, ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa na kupangwa kwa utaratibu maalumu, ambao msanidi programu huufanya msingi wa kazi yake ili asilazimike kuandika upya njia za kupokea ombi, kumtambua mtumiaji, kusoma hifadhidata na kutoa ukurasa. Laravel na CodeIgniter katika lugha ya PHP, Django katika Python, na Ruby on Rails katika Ruby ni miongoni mwa zile zinazotumika sana.

Swali la namna ya kusimika fremuweki kwenye seva ya pamoja hujibiwa mara nyingi kwa orodha ya hatua za kunakili, nazo hatua hizo humfaa mmoja na kumshinda mwingine pasipo yeyote kati yao kuelewa kwa nini. Sababu ipo, na kwa sehemu kubwa ni moja: seva ya pamoja ilibuniwa kwa dhana kwamba mashine si mali ya mteja, ilhali fremuweki za kisasa zilibuniwa kwa dhana kwamba msanidi anaimiliki mashine nzima, ana uhuru wa kuandika amri zozote, na anaweza kuacha programu ikiwa macho usiku na mchana. Karibu kila ugumu unaojitokeza katika usimikaji, uwe wa folda, wa ruhusa, wa maktaba au wa kazi za nyuma ya pazia, hutoka katika mgongano huo, na anayeutambua huweza kukisia tatizo litakuwa wapi kabla halijamfika.

Mgongano wenyewe una historia. Mwaka 1993 kituo cha NCSA nchini Marekani kilianzisha utaratibu wa CGI, ambao kwa huo seva ilipopokea ombi iliamsha programu, ikaikabidhi ombi hilo, ikapokea jibu, na programu ikafa. PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995, ilirithi tabia hiyo ya kuzaliwa na kufa ndani ya ombi moja, na ikaendelea nayo hata baada ya kuingizwa ndani ya programu ya seva ya Apache yenyewe: ukurasa ukishatolewa, vigeu vyote vya programu hufutwa, na ombi linalofuata huanza upya. Kwa mwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti tabia hii ilikuwa neema, kwa kuwa akaunti isiyotembelewa na mtu haikula kichakataji wala kumbukumbu, ilichukua nafasi ya diski tu, na kwa hiyo mashine moja iliweza kubeba wateja wengi kwa bei ndogo. Paneli za usimamizi, hasa cPanel iliyoanza mwaka 1996, zilimwezesha hata asiye fundi kufungua hifadhidata na anwani za barua pepe kwa kubofya, na utaratibu ukakamilika: faili la PHP likipakiwa ndani ya folda iitwayo public_html, tovuti ipo.

Rails, iliyotolewa na David Heinemeier Hansson mwaka 2004, na Django, iliyozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas na kutolewa mwaka 2005, zilitoka katika fikra nyingine. Programu iliyojengwa juu yake huwashwa mara moja, husoma mamia ya mafaili, hujipanga ndani ya kumbukumbu, kisha hubaki macho ikisubiri maombi, kwa hiyo kuilazimisha kuishi kwa mtindo wa CGI kulimaanisha kurudia maandalizi yote hayo kwa kila anayefungua ukurasa. Utaratibu wa FastCGI, na baadaye Phusion Passenger iliyotoka mwaka 2008 ikiwa na uwezo wa kuziwasha na kuzizima programu hizo kwa niaba ya Apache, ndivyo vilivyozifungulia mlango wa seva za pamoja. Laravel, ambayo Taylor Otwell aliitoa mwaka 2011, ni ya PHP na bado hufa kila ombi linapokwisha, lakini imechukua desturi nyingi kutoka upande ule wa pili: amri za terminali, folda moja tu ya hadhara, faili la siri za mazingira, foleni za kazi, na Composer, chombo cha kukusanya maktaba za PHP kilichotolewa mwaka 2012. Hivyo ugumu uliokuwa wa watu wa Ruby na Python umeingia ndani ya PHP, lugha ambayo seva za pamoja zilikuwa nyumbani kwake.

Jambo la kwanza, na kwa kipimo chochote lenye uzito kuliko yote, ni mpaka kati ya mafaili yanayoweza kuombwa na mtu yeyote duniani na mafaili yasiyopaswa kuonekana kamwe. Mradi wa Laravel una folda iitwayo public, yenye faili la index.php pamoja na picha, mitindo na skripti za kivinjari, na hiyo peke yake ndiyo inayokusudiwa kuelekezewa kikoa. Folda nyingine zote, zikiwemo za msimbo, za maktaba, za kumbukumbu za hitilafu, na faili la .env lenye nenosiri la hifadhidata, nenosiri la barua pepe na ufunguo wa kusimba data, hukaa nje yake, ngazi moja juu. Seva ya pamoja, kinyume chake, kwa kawaida hukielekeza kikoa kikuu cha akaunti kwenye public_html bila kumpa mteja njia ya kukigeuza, na hapo ndipo msanidi asiye na subira humwaga mradi mzima ndani ya public_html, kisha akaandika faili la .htaccess la kupeleka maombi kwenye folda ya public.

Njia hiyo hufanya kazi, na ndiyo sababu imeenea, lakini ni njia mbaya. Usalama wote wa siri za mradi hutegemea faili moja la maagizo ambalo Apache na LiteSpeed hulisoma ilhali Nginx hailisomi kabisa, hivi kwamba siku kampuni inapobadilisha programu ya seva, au mtu anapolifuta faili hilo kwa kutojua, .env hugeuka waraka wa hadhara. Hatari hii si ya kubuni, kwa kuwa roboti zinazozunguka intaneti zikitafuta tovuti dhaifu huliomba faili la .env kwa jina lake, na vilevile folda ya .git inayotunza historia ya msimbo. Tena madhara hayaishii kwenye kusomwa kwa hifadhidata: udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2018-15133 ulionyesha kwamba, katika matoleo ya Laravel hadi 5.5.40 na ya 5.6 hadi 5.6.29, aliyeupata ufunguo wa kusimba data uliomo ndani ya .env aliweza kutengeneza data iliyosimbwa ambayo seva ingeipokea na kutekeleza amri zake. Faili lililoachwa wazi kwa uvivu wa siku moja lilitosha kumpa mgeni udhibiti wa akaunti nzima.

Njia zilizo salama ni tatu, na uchaguzi kati yake hutegemea kile ambacho paneli inaruhusu. Iliyo bora ni kutumia kikoa cha nyongeza au kikoa kidogo, ambacho cPanel humruhusu mteja kukichagulia folda yake, kisha kukielekeza moja kwa moja kwenye public ya mradi uliowekwa nje ya public_html. Pale ambapo kikoa kikuu ndicho kinachotakiwa, folda ya public_html huweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kiungo cha mfumo, yaani jina linaloelekeza kwenye folda nyingine, mradi seva iwe inaruhusu viungo ambavyo mmiliki wake ni yuleyule mmiliki wa folda inayoelekezwa. Njia hizo mbili zikishindikana, yaliyomo ndani ya public hunakiliwa kuingia public_html, na mistari ya index.php inayoziita folda za vendor na bootstrap hurekebishwa ili itafute mradi mahali ulipo. Njia hii ya tatu ina gharama inayosahaulika: fremuweki yenyewe huendelea kuamini kwamba folda ya hadhara ni ile ya zamani, kwa hiyo picha zinazopakiwa na watumiaji na orodha ya mitindo iliyokusanywa hutafutwa mahali pasipo sahihi, hadi programu iambiwe waziwazi kwamba folda yake ya hadhara imehama. CodeIgniter inaonyesha jinsi desturi ilivyobadilika, kwani hadi toleo la 3 index.php ilikaa kwenye shina la mradi na kila kitu kiliweza kumwagwa ndani ya public_html, lakini toleo la 4, lililotoka Februari 2020, nalo lilihamia kwenye folda ya public.

Ukishapatikana mpaka huo, linafuata suala la maktaba. Mradi wa kisasa haupakuliwi ukiwa kamili, bali huja na orodha ya maktaba unazozitegemea, na Composer ndiye anayezileta na kuhakikisha matoleo yake hayagongani. Kukokotoa mapatano hayo kulikula kumbukumbu nyingi sana katika toleo la kwanza la Composer, kiasi cha kuvuka mipaka ambayo akaunti za pamoja huwekewa, na ingawa toleo la 2 la Oktoba 2020 lilipunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa, bado ni busara kuifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya msanidi na kupeleka kwenye seva matokeo yake tu. Faili la composer.lock, linalotaja toleo kamili la kila maktaba, ndilo linalohakikisha kwamba kilichojaribiwa nyumbani ndicho kitakachofika, na maktaba za majaribio huachwa nyuma kwa kuongeza chaguo la --no-dev. Folda ya vendor huwa na maelfu ya mafaili madogo, kwa hiyo kuipakia faili kwa faili kwa njia ya FTP huchukua muda mrefu na huweza kukatika katikati na kuacha mradi nusu. Kuifunga yote katika faili moja la zip na kuifungulia ndani ya paneli ni haraka na salama zaidi. Folda ya node_modules, inayotumika kukusanyia mitindo na skripti kabla ya kupakia, haina kazi yoyote kwenye seva ya namna hii, na kuipeleka huko hujaza bure idadi ya mafaili ambayo akaunti imeruhusiwa.

Hapa hujificha mtego mmoja unaopoteza saa nyingi za watu. Kwenye seva yenye cPanel huwapo matoleo kadhaa ya PHP kwa wakati mmoja, na toleo linalotumika kwenye tovuti, lililochaguliwa ndani ya paneli, si lazima liwe lile linaloitikia neno php kwenye terminali. Mradi huweza kufunguka vizuri kwenye kivinjari huku amri za terminali zikikataa, au kinyume chake, na Composer 2 huongeza faili la ukaguzi linaloisimamisha programu nzima iwapo toleo la PHP liko chini ya lile ambalo maktaba zinalitaka. Laravel 9 inahitaji angalau PHP 8.0, Laravel 10 inahitaji 8.1 na Laravel 11 inahitaji 8.2, hivyo ni lazima toleo la seva lijulikane kabla ya mradi kuanzishwa, na Composer wa nyumbani aambiwe katika usanidi wake kwamba afanye hesabu kwa toleo hilo. Terminali ikitumika, njia kamili ya toleo linalotakiwa, kwa mfano /opt/cpanel/ea-php82/root/usr/bin/php, huondoa utata wote.

Suala la ruhusa za mafaili ndilo lililozungukwa na ushauri mbovu kuliko mengine, na ushauri wenyewe una chanzo chake katika historia. Zamani PHP ilipoendeshwa ndani ya Apache, tovuti zote za seva zilitekelezwa kwa jina la mtumiaji mmoja wa Apache, ambaye hakuwa mwenye mafaili. Ili programu iweze kuandika kwenye folda, mwenyewe alilazimika kuifungua kwa kila mtu kwa ruhusa ya 777, yaani kusoma, kuandika na kutekeleza kwa mmiliki, kwa kundi lake na kwa wengine wote. Kwa kuwa skripti za majirani nazo zilitekelezwa kwa jina lilelile, folda iliyofunguliwa namna hiyo ilikuwa wazi kwa wateja wote wa seva. Mambo yalibadilika kwa suEXEC na suPHP, kisha kwa PHP-FPM iliyoingizwa rasmi katika PHP 5.3.3 mwaka 2010, ambavyo huendesha msimbo wa kila akaunti kwa jina la mwenye akaunti. CloudLinux, mfumo endeshi uliotengenezwa mahsusi kwa seva za pamoja, uliongeza CageFS, inayomfungia kila mteja katika mwonekano wake wa mafaili asiweze hata kuona kwamba majirani wapo.

Katika mazingira hayo mapya 755 kwa folda na 644 kwa mafaili zinatosha, folda za storage na bootstrap/cache huandikika bila nyongeza yoyote kwa sababu anayeandika ndiye mmiliki, na faili la .env linaweza kubanwa hadi 600 ili asilisome mwingine yeyote. Ruhusa ya 777 haisaidii chochote tena, na chini ya suEXEC na suPHP huleta kinyume cha kilichotarajiwa, kwa kuwa taratibu hizo hukataa kutekeleza skripti inayoandikika na kila mtu na kurudisha hitilafu ya 500. Bado maelekezo ya 777 yanaendelea kunakiliwa, na kila anayeyafuata kwenye seva ya mtindo wa zamani huwafungulia mlango watu asiowajua.

Hifadhidata huleta matatizo machache zaidi. Mteja hana mamlaka ya kuunda hifadhidata kwa amri, kwa hiyo huiunda kwenye paneli, ambayo hutanguliza jina la akaunti mbele ya jina la hifadhidata na la mtumiaji wake, na majina hayo marefu ndiyo yanayopaswa kuandikwa katika .env. Penye terminali, majedwali hujengwa kwa amri ya fremuweki. Pasipo terminali, hujengwa nyumbani na kuhamishwa kupitia phpMyAdmin, chombo cha kusimamia hifadhidata ndani ya kivinjari. Hitilafu moja ya kale inafaa kuelezwa kwa sababu bado huwatokea wanaokutana na seva zilizochakaa. Laravel 5.4, ya Januari 2017, ilihamia kwenye utf8mb4, mpangilio wa herufi unaotumia hadi baiti 4 kwa kila alama na hivyo kupokea hata emoji. MySQL, programu ya kuendesha hifadhidata, kabla ya toleo la 5.7.7 iliweka ukomo wa baiti 767 kwa faharasa ya safu: safu ya herufi 255 kwa baiti 3 za mpangilio wa zamani ilifikia 765 na kupita, lakini kwa baiti 4 ilifikia 1020 na kukataliwa. Ndiyo maana urefu wa kawaida wa safu ulishauriwa kushushwa hadi herufi 191, ambazo kwa baiti 4 ni 764, namba inayoonekana kama ya kubahatisha kwa asiyejua hesabu iliyo nyuma yake.

Mgongano wa dhana mbili zilizotajwa mwanzoni huonekana wazi zaidi katika kazi zisizokwisha ndani ya ombi moja. Fremuweki humshauri msanidi asimfanye mtumiaji asubiri barua pepe itumwe au ripoti ndefu iandaliwe, bali kazi hizo aziweke kwenye foleni, nazo zichukuliwe na mchakato unaokaa macho wakati wote. Seva ya pamoja haina nafasi ya mchakato wa namna hiyo. Mipaka ya kichakataji, ya kumbukumbu na ya idadi ya michakato huwekwa ili jirani mmoja asiwanyime wengine, na mchakato unaodumu huuawa. Suluhisho ni kroni, ratiba ya mfumo inayotekeleza amri kwa vipindi vilivyopangwa. Ratiba ya Laravel imekusudiwa kuitwa kila dakika, na foleni inaweza kuamshwa kwa chaguo la --stop-when-empty, linaloifanya imalize kazi zilizopo na kufa, jambo linalolingana kabisa na tabia ya seva. Kampuni zinazoruhusu kroni kila baada ya dakika 5 au 15 tu humlazimisha msanidi kukubali ucheleweshaji wa kiasi hicho, na ni haki ya mtumiaji wa tovuti kuelezwa hivyo kwenye ukurasa badala ya kuachwa akibofya tena na tena.

Malipo ya simu, ambayo kwa programu nyingi za Afrika Mashariki ndiyo sehemu nyeti kuliko zote, yanaangukia upande mzuri wa mstari huu. Katika Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa nchini Kenya, programu hutuma ombi la malipo, mteja huingiza namba yake ya siri kwenye simu, na matokeo huletwa baadaye kama ombi jipya la HTTPS kwenye anwani iliyotajwa na programu. Hakuna mchakato unaolazimika kubaki macho ukisubiri, kwa hiyo seva ya pamoja inaimudu kazi hiyo bila shida. Kinachokwamisha ni vizuizi viwili visivyo na uhusiano na malipo: kwanza, Laravel hukataa kwa hitilafu ya 419 ombi lolote la kutuma data kupitia njia zake za kurasa lisilo na tokeni ya kuthibitisha kwamba fomu ilitoka kwenye tovuti yenyewe, na ujumbe wa M-Pesa hauwezi kuwa nayo, kwa hiyo njia hiyo huondolewa kwenye sharti hilo au huwekwa miongoni mwa njia za API, zile zinazopokea maombi ya programu nyingine; pili, ModSecurity, ngome inayochuja maombi kwenye seva nyingi za pamoja, huweza kuuona ujumbe huo kuwa shambulio na kuurudisha, hivyo kampuni huombwa iiondolee njia hiyo kanuni husika. Anwani yenyewe lazima iwe na cheti halali, na tangu Let's Encrypt ianze kutoa vyeti vya bure kwa umma mwishoni mwa mwaka 2015, paneli nyingi huvitoa na kuvihuisha zenyewe.

Django na fremuweki za Node.js, yaani JavaScript inayoendeshwa kwenye seva, hupita njia nyingine kwenye seva hizohizo. Pale ambapo CloudLinux ipo, paneli huwa na ukurasa wa kuunda programu ya Python au Node.js, ambao huandaa folda yenye maktaba zilizotengwa na kuikabidhi kwa Passenger kupitia faili ambalo kwa Python huitwa passenger_wsgi.py, na kila msimbo unapobadilishwa programu huwashwa upya kwa kuligusa faili la restart.txt ndani ya folda ya tmp. Passenger huizima programu isiyopata maombi, kwa kawaida baada ya sekunde 300, hivyo mgeni wa kwanza wa asubuhi husubiri kuliko wa pili. Maktaba zinazohitaji kukusanywa kwa lugha ya C, kama mysqlclient, hushindwa pale ambapo vifaa vya ukusanyaji havipo, na PyMySQL, iliyoandikwa kwa Python tupu, hushika nafasi yake. Kwa ujumla, asiyelazimika kutumia Python kwenye seva ya pamoja atapata utulivu zaidi kwa kutumia PHP.

Kabla ya tovuti kufunguliwa kwa umma, hali ya uchunguzi wa hitilafu ni lazima izimwe. Hali hiyo humwonyesha msanidi mistari ya msimbo na thamani za mazingira, na ikiachwa wazi humwonyesha hayo mtu yeyote. Udhaifu wa CVE-2021-3129 ulikwenda mbali zaidi, kwani katika tovuti za Laravel kabla ya 8.4.2 zilizoacha hali hiyo ikiwa imewashwa, mtu asiye na akaunti aliweza kutekeleza msimbo wake kwenye seva kupitia maktaba ya Ignition, inayoonyesha hitilafu hizo. Usanidi nao hufaa kuhifadhiwa katika kache ili usisomwe upya kwa kila ombi, ila kache hiyo hutengenezwa kwenye seva yenyewe na si nyumbani, kwa sababu hubeba njia kamili za folda, na mradi uliopakiwa ukiwa na kache ya kompyuta ya msanidi huenda ukatafuta folda zilizoko kwenye diski nyingine. Sheria nazo zimeongeza uzito wa mambo haya, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 humbebesha anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na kukodi nafasi kwenye mashine ya mwingine hakumwondolei wajibu huo.

Wengi hudhani kwamba ufumbuzi wa matatizo haya yote ni kuhamia seva pepe, yaani sehemu ya mashine inayojitegemea ambayo mteja ana mamlaka kamili juu yake. Mamlaka hayo huja na kazi ambayo kwenye seva ya pamoja hufanywa na wengine: kuhuisha mfumo endeshi, kuziba udhaifu, kupanga ngome, kutunza nakala za akiba, kufuatilia diski isijae. Shule, zahanati au chama cha ushirika kisicho na fundi wa kudumu hukaa salama zaidi kwenye seva ya pamoja inayotunzwa vizuri kuliko kwenye seva pepe iliyosimikwa siku moja na kusahauliwa kwa miaka mitatu, na msanidi anayemshauri mteja wa namna hiyo ahame kwa sababu tu amri zake zimekataliwa na paneli humwongezea mteja mzigo asioweza kuubeba. Hali ni tofauti kwa programu ambayo kiini chake ni mawasiliano ya papo hapo, kama mazungumzo ya maandishi au ramani inayofuata gari lililo njiani, kwa kuwa muunganisho wa WebSocket hudai mchakato ulio macho na mlango wake wa mtandao, na Laravel Reverb, iliyotoka mwaka 2024 kwa kazi hiyo, haina mahali pa kuishi kwenye akaunti ya pamoja. Hata hapo si lazima mradi mzima uhame: tovuti, hifadhidata na malipo huweza kubaki palipo, na sehemu hiyo moja ya mawasiliano ikasimikwa kwenye seva pepe ndogo au ikakabidhiwa kwa huduma ya nje kama Pusher, ambayo Laravel huitumia kwa kubadilisha mistari michache ya usanidi.